Tela Lililoanguka Uani

Lukelo na mkewe Margareta, wazazi wa Omega, wanaishi Viwanja Sitini, Ifakara. Wana trekta kuukuu na tela linaloinuka kumwaga mzigo. Wakati wa mavuno hubeba mpunga wa watu kutoka mashambani. Mpunga ukiisha, hubeba mchanga na matofali.

Mwaka huu tela lilianza kusumbua. Lilipanda polepole, likitetemeka, na oili ilidondoka chini. Lukelo aliongeza oili yoyote aliyoipata, kazi ikaendelea.

Asubuhi moja Margareta alimpigia simu jirani yao Ursula, fundi wa matrekta.

"Nakuja sasa hivi," alisema Ursula.

Lukelo hakumngoja. Aliliinua tela tupu, akaacha injini ikinguruma, akaingia chini ya tela. Alitaka kupapasa mpira unaopeleka oili ya kuinua tela, ajue unavuja wapi.

Ursula akatokea uani. "Baba Omega, toka! Toka upesi!"

Lukelo alitoka akinung'unika. "Fundi, nilikuwa naangalia tu..."

Hakumaliza. Mpira ulipasuka, oili ikaruka, tela likaanguka kwa kishindo. Vumbi likatimka uani kote.

Margareta alimkimbilia mumewe. Alimshika mabega, kisha mikono, kisha uso. "Asante Mungu. Asante, dada Ursula." Machozi yalimtoka.

Walipotulia, Ursula aliwaeleza. "Tela hilo lilikuwa limebebwa na oili peke yake. Mpira ukipasuka, hakuna cha kulishika. Kabla ya kugusa chochote, lishushe kabisa. Zima injini. Kisha sukuma wenzo wa kuliinulia mbele na nyuma, nguvu iliyobaki kwenye mipira iishe. Ikibidi libaki juu, liwe tupu, na uliegemeze kwa chuma chake cha kulizuia lisishuke."

"Na kupapasa kwa mkono?" aliuliza Margareta.

"Usithubutu! Oili ikitoka kwenye kitundu kidogo, inachoma kama sindano. Inaingia mwilini. Kidonda utakiona kidogo, kumbe mkono unaharibika. Ikikupata, nenda hospitali papo hapo, hata kama huumwi. Kutafuta kitundu, pitisha kipande cha boksi kando ya mpira, uone kinapolowa."

Ursula alifungua tangi la oili. Rangi yake ilikuwa kama chai ya maziwa.

"Ona, maji yameingia. Oili hii inaua pampu."

Waliimwaga yote ndani ya ndoo, si ardhini. Walibadili mpira na chujio. Wakaweka oili inayotajwa kwenye kitabu cha trekta, baada ya kufuta mfuniko kwa kitambaa safi.

Siku hizi Lukelo hukagua mipira na oili kila asubuhi kabla ya kuondoka, tela likiwa chini. Tela hupanda bila kutetemeka, na msimu mzima halikulala njiani.

Mavuno yalipoisha, Margareta alimpelekea Ursula mchele mpya.

"Mama Omega, mbona kazi yangu mlishanilipa?"

"Tulilipa mpira na oili," alisema Margareta. "Ile sauti uliyompazia mume wangu, hatujailipa. Wala hatutaweza. Pokea tu, dada."

Ursula akapokea kwa mikono miwili.