Vidole Viwili Havitoshi

Kila jioni binti alichapa barua za wateja katika duka la baba yake. Alitumia vidole viwili, macho kwenye vitufe. Wateja walimsifu: "Ana mkono mwepesi huyu." Baba alivimba kichwa. Shule aliyosoma binti haikuwa na somo la uchapaji.

Alipoingia chuo cha uhazili kusomea ukatibu, katika jaribio la kwanza mkufunzi alifunika vitufe kwa kitambaa. Waliofundishwa sekondari waliendelea kuchapa. Binti alikwama, akashika mkia.

"Ukifeli jaribio la pili, unaondoka," mkufunzi alisema. "Hapa hatufugi wavivu."

Neno hilo linachoma mpaka leo. Mtoto hajafundishwa, halafu anaitwa mvivu.

Nyumbani baba alifoka. "Umenitia aibu."

"Baba, wenzangu walianza zamani. Mimi sijui hata kidole kipi kinakaa wapi."

"Acha visingizio."

Shangazi mtu, katibu wa miaka mingi, aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Kaka, hapo umekosea. Aliyezoea vibaya ana kazi mbili: kuacha na kujifunza. Mtoe dukani."

"Na wateja wangu?"

"Wachapie mwenyewe."

Kesho yake shangazi alimfuata mkufunzi. "Umewahi kuwauliza wanafunzi wako walifundishwa nini huko walikotoka? Huulizi, kisha unawapima sawa."

Mkufunzi alinuna, lakini aliuliza. Nusu ya darasa walinyoosha mikono: hawakuwahi kufundishwa. Akaanza kuwafungulia chumba cha mashine kila asubuhi kabla ya vipindi. Walijifunza kutumia vidole vyote, kila kimoja na vitufe vyake, macho kwenye karatasi, bila haraka.

Mwanzoni binti alikuwa mzito kuliko alivyokuwa dukani. Alilia kwa hasira.

"Usirudie vidole viwili," shangazi alimwambia. "Uzito huu utapita, mwanangu."

Kweli ukapita. Jaribio la pili alifaulu, akabaki chuoni. Baba alimwomba radhi, ingawa kwa sauti ya chini.

Muhula uliofuata wanafunzi wapya waliingia. Kabla ya kugusa mashine yoyote, mkufunzi aliuliza, "Nani hajawahi kufundishwa kuchapa? Asione haya. Kesho aje mapema."

Swali lenyewe ni hilo tu. Wangapi walifukuzwa kabla halijaulizwa?