Rangi Haichaguliwi Ndani

Fundi Rangi hakumruhusu mteja yeyote kuchagua rangi ndani ya duka lake. "Toka nayo nje uitazame kwenye mwanga," alikuwa akisema. "Humu ndani inakudanganya."

Mkewe alipokaribia kujifungua, Fundi alipaka chumba chao rangi ya njano, njano iliyokolea kama kiini cha yai. Ilikuwa imebaki kwenye kazi ya mteja, lakini kuta zilipendeza. Mama mkwe akaleta na pazia la njano.

Mtoto akazaliwa salama zahanati, akaletwa nyumbani. Siku ya tatu nyumba ilikuwa kimya.

"Mwanangu, umepata mtoto mstaarabu," mama mkwe akamwambia Fundi. "Halii kabisa."

"Basi hakumfuata baba yake," mkewe akasema. "Huyu hata usingizini ana kelele."

Wakacheka. Hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa jirani yao, nesi wa kliniki, amekuja kutoa hongera. Akanawa mikono, akaketi kitandani.

"Mgeni wetu ananyonya vizuri?"

"Ni mpole mno, dada. Namwamsha anyonye, anasinzia na titi mdomoni."

Nesi hakucheka. Akamtazama mtoto, kisha akazitazama kuta.

"Shemeji, humu ndani hata mimi ni wa njano. Mtoe mtoto nje, tumwone kwenye mwanga."

Fundi akataka kutabasamu, maana hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Tabasamu likamfia mdomoni. Akambeba mwanawe hadi kibarazani.

Nesi akabonyeza pua ya mtoto taratibu kwa kidole, akaachia. Pale alipobonyeza palikuwa pa njano. Akatazama weupe wa macho, akatazama nyayo. Njano.

"Haya ni manjano ya watoto wachanga," akasema.

"Tutamwotesha jua la asubuhi," mama mkwe akasema. "Na maji ya sukari kidogo. Wangu wote walipona hivyo."

"Mama, wengi hupata manjano kidogo, na huisha yenyewe. Si jua lililowaponya. Maji ya sukari nayo yanamjaza tumbo tu, asinyonye. Lakini manjano yakitokea siku ile ile ya kuzaliwa, yakifika mikononi na miguuni, au mtoto akiwa mzito kuamka na hanyonyi, hatungoji. Yakizidi kwenye damu yanaingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kuwa kiziwi, akapooza, au tukampoteza."

Fundi alikuwa na nyumba ya watu aliyoiacha imepakwa nusu. "Basi kesho alfajiri na mapema..."

"Leo, shemeji. Sasa hivi. Na njiani mama aendelee kumnyonyesha."

Brashi ikabaki ndani ya kopo, ikakaukia humo.

Hospitali wakampima damu, wakamlaza chini ya taa za mwanga wa bluu, amezibwa macho, amevaa nepi tu. Mama akawa anamtoa kumnyonyesha mara kwa mara. Mtoto aliposinzia sana, mama alikamua maziwa, akamnywesha kwa kikombe kidogo.

"Mjukuu wangu amewekwa kama simu kwenye kioo cha duka," bibi akanong'ona. Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa akimtazama mtoto kifuani, kama kinapanda na kushuka.

Kesho yake mtoto akalia. Akalia mpaka wodi nzima ikageuka.

"Ustaarabu umemwisha," mama mkwe akasema, huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwache apige kelele," Fundi akasema. "Sasa ndiyo najua kuwa ni wangu."

Damu ikapimwa tena, ikawa salama, mtoto akaruhusiwa. Siku hiyo hiyo Fundi akaanika godoro uani, akapaka chumba rangi nyeupe, na pazia la njano akalitundika dukani kwake liwe ukumbusho. Wateja wanalicheka. Akimwona mteja ambaye mkewe ni mjamzito, anasahau rangi kwanza.

"Mtoto mchanga mtoe kwenye mwanga wa mchana kila siku," anamwambia. "Mbonyeze pua, mtazame macho, kama kuna njano. Na akiwa mpole kupita kiasi, usimsifu. Mpeleke hospitali."