Upupu Kwenye Kanga za Bibi Harusi

Ijumaa, saa nne na robo asubuhi, katika nyumba moja ya Kiponda ulisikika ukelele uliowashusha wanawake kutoka jikoni na miiko mikononi. Ummy, aliyebakiwa na siku moja aolewe, alikuwa ametoka kusingwa kwa singo, manukato ya kusugulia ngozi, akajifunga kanga mpya, na kabla hajakaa akaanza kujikuna. Ilipofika saa tano ngozi ilikuwa imevimba kutoka kwapani hadi magotini.

"Ni upupu," alisema Sichana, somo aliyeletwa kutoka Mkokotoni kumtengeneza na kumfunda bibi harusi. "Umo kwenye kanga."

Hakuna aliyejisumbua kuuliza ni nani. Ummy alikuwa anakwenda kuwa mke wa pili wa Haroub, muuza vitambaa wa Mlandege, na mke wa kwanza, Salhiya, alionekana Alhamisi jioni akiingia na sahani ya vileja, biskuti za unga wa mchele. Mke mwenza na vileja, mtaa ungetaka ushahidi gani zaidi? Haroub aliapa mbele ya Sheha Jecha, kiongozi wa mtaa, kuwa baada ya sala ya alasiri ataandika talaka. Ndoa ya miaka kumi na moja na watoto watatu ilibakiwa na saa nne.

Sheha, asiyependa kuharakishwa, alimwita Bi Time, karani mstaafu wa mahakama. Bi Time alitembea kila alfajiri kwa amri ya daktari, sukari ikimsumbua, na kila alichokiona kimekaa upande alikipiga picha kwa simu: mlango uliofungwa kwa kijiko, mbuzi aliyevaa fulana. Alikuwa mjane wa miaka sita, tena mwenye wivu, wala hakuuficha.

Saa sita na dakika ishirini alianza na Sichana.

"Singo uliponda mwenyewe?"

"Mwenyewe, na nilijipaka mkononi kwanza. Sikuwashwa."

"Na kanga?"

"Jana saa kumi nilizifukiza udi, nikazikunja kwa mikono hii hii. Hazikuwa na kitu. Nikaziacha kwenye ungo ukumbini, sisi sote tukapanda juu kupika."

"Nani kapita ukumbini baada ya hapo?"

"Salhiya na vileja vyake. Na Bi Mwanakheri, kaja kunambia singo yangu haina liwa ya kutosha."

Bi Mwanakheri alikuwa somo wa mtaa kwa miaka thelathini. Alimtengeneza mama yake Ummy, na Salhiya mwenyewe alikuwa mwari wake.

Salhiya alikuwa kwake, akikunja nguo za watoto.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Ulitia upupu?"

"Sikutia."

"Wivu unao?"

"Nnao, mpaka chakula hakipiti. Juzi nilikwenda kwa somo wangu nikalia. Kanambia pika vileja, nenda navyo, watu wasikucheke. Nikenda."

Bi Time alimwamini, maana mwongo angeanza kwa kukana wivu. Alikaa ngazini akafungua picha zake.

Jumatano, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano asubuhi: dirishani kwa Bi Mwanakheri, mwanamke aliyeishi peke yake miaka kumi na miwili, soksi za kiume zenye mistari ya buluu. Alikumbuka alivyochomwa na wivu siku ile. Mwenzangu kapata mume, mimi nimebaki na vidonge. Ni roho mbaya iliyomfanya apige picha. Sasa aliikuza, akaona soksi zimejaa jivu.

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi: kizingitini pale pale, paka mweupe aliyepakwa jivu mwili mzima, manyoya yamemnyonyoka kwa kujikuna.

Jivu ndilo linalotoa upupu, na anayechuma upupu lazima afunike mikono. Paka alilalia soksi. Basi upupu ulikuwamo katika nyumba ile tangu Jumatano, kabla Salhiya hajapika hata kileja kimoja. Lakini Bi Mwanakheri angesema jivu ni la viroboto, na picha isingekuwa na la kujibu.

Saa tisa na robo walikutana kwa Sheha: Haroub, Salhiya, Sichana na Bi Mwanakheri. Bi Time aliweka sinia mezani. Juu yake palikuwa na soksi mbili zenye mistari ya buluu.

"Salhiya, zivae mikononi tuone."

Salhiya, aliyekwishachoka kubishana, alinyoosha mkono. Bi Mwanakheri akaudaka.

"Usizishike, mwanangu."

"Kwa nini asizishike?" aliuliza Bi Time. "Ni soksi tu, nimezinunua Darajani leo saa nane. Zako nilizikuta zingali dirishani. Zimo koponi, anazo Sheha."

Bi Mwanakheri aliuachia mkono ule polepole.

"Jumanne nilikwenda Kidichi kuchuma mrehani," alisema, "nikauona upupu uani, nikauchuma nimevaa soksi mikononi. Mama wa nyumba ile nimemtengeneza mimi. Leo wanamleta mtu anayefundishwa singo na simu, wala hawakunambia. Nilitaka waseme somo mgeni hajui kazi. Nilimwonea wivu, basi. Sikutaka wakutaje wewe, Salhiya."

"Na waliponitaja?"

Haroub alisimama, akakohoa, akamwambia mkewe waende nyumbani. Salhiya hakumtazama, macho yake yalikuwa kwa somo wake.

"Wivu wangu nilikuletea wewe," alisema, "nikaulilia mapajani mwako. Wako ungeniletea mimi."