Tundu la Mwisho la Mkanda

Kimya aliona viatu kabla ya kuuona mguu. Kila asubuhi dada yake aliporudi kutoka dukani, akavua viatu vyake vipya na kukaa kutwa kibarazani akitarizi mashuka, Kimya alivijaribu kisirisiri nyuma ya mlango. Roho ilimuuma. Yeye kila mara alirithi vilivyopinda visigino. Wiki ile aliona mkanda wa kiatu cha kulia umefungwa tundu la pili, lakini wa kushoto ulilegezwa kila siku, hadi ukafika tundu la mwisho.

"Anaviharibu makusudi," aliwaza kwa kijicho.

Jioni moja dada alishindwa kusimama. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na una joto.

"Nadhani nimejitegua leo," alisema.

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Kimya, lete mafuta nimkande!"

Kimya alinuna. Dada tena! Yeye alipoungua na uji, nani alimbembeleza hivyo? Alileta chupa, kisha akasita. Akisema, siri yake itafichuka.

"Mama, ngoja! Mguu haukuanza kuvimba leo. Mkanda wa kiatu umelegezwa wiki nzima. Najua kwa sababu… huwa navivaa viatu vyake."

"Ala! Kumbe ndiyo maana vinanuka!" dada alisema, akicheka huku akigumia kwa maumivu.

Mama aliweka chupa chini. Wakaenda hospitali.

Muuguzi alimtoa dada damu. Hata sindano anapewa yeye, Kimya aliwaza, kisha akaona haya.

Baadaye daktari alikuja na majibu. "Damu iliyoganda ikianza kuvunjika, huacha vipande vidogo mno ndani ya damu. Kipimo kimeonyesha vipande vingi. Hicho pekee hakikutosha, ndiyo maana tukapiga picha ya mshipa. Kuna bonge la damu mguuni. Mama, ungeukanda mguu huo, bonge lingeweza kung'oka likaenda mapafuni. Sasa atatumia dawa, na asikae kutwa bila kunyoosha miguu."

Mama alimvuta Kimya ubavuni. "Umesema kwa wakati. Lakini siku nyingine ukiona mwili wa mwenzako umebadilika, sema siku hiyo hiyo. Wivu usikuzibe mdomo."

Dada alitabasamu kitandani. "Viatu vichukue, mdogo wangu."

Kimya alitikisa kichwa. Alisogea, akamshika mkono.

"Nakuonea wivu, dada, tangu zamani," alisema. "Lakini nilipoona hushindwi kusimama tu, bali unagumia kwa maumivu, niliogopa. Sivitaki viatu. Nakutaka wewe."