Bolti ya Shemeji

Bolti iligoma kuvunjika. Mashua ya kijiji cha ujamaa ilipogonga mwamba nje ya Majita, ubao wa mkuku, ule unaoshushwa majini ili upepo usiisukume mashua kombo, ulitakiwa kufyatuka na kupanda juu. Haukupanda, kwa sababu bolti aliyoifunga Stanislausi iliushikilia. Ulipasua kisanduku unamopita sakafuni, na ziwa likaingia bila hodi.

"Si nilikwambia, shemeji?" Petronila alifoka, akichota maji kwa sufuria. "Pale panawekwaga kijiti!"

"Vijiti vinavunjika," Stanislausi akajitetea. "Mwenyekiti wa kijiji alishaanza kunicheka."

"Kazi yake ni kuvunjika! Kivunjike chenyewe, mashua ipone!"

"Mkimaliza kugombana," Hana akasema kutoka sakafuni, "mimi siwezi kuogelea."

Hana alikuwa mke wa Stanislausi na dada yake Petronila. Asubuhi alianguka na mzigo wa pamba, mguu ukavunjika, mfupa ukachungulia nje. Barabara ilikatwa na mvua. Hospitali ilikuwa Musoma.

Petronila akavua kitenge cha juu, akakisokomeza kwenye ufa. Stanislausi akaigonga bolti kwa jiwe la nanga mpaka ikachomoka. Ubao ukapanda, lakini mashua nayo ikaanza kwenda kombo, kuelekea ziwa tupu. Lazima ubao ushushwe tena na ushikizwe. Kwa kitu gani?

"Bua la mtama," Stanislausi akapendekeza.

"Hilo halimalizi wimbi moja."

"Kasia basi."

"Shemeji! Umetoka kwenye chuma, sasa unataka gogo?"

Petronila akauchukua mwiko waliobeba wa kumpikia mgonjwa uji. Akauchonga mpini kwa kisu, akiupinda gotini kila mara, hadi ukaanza kulia kama unaotaka kukatika. Hapo akaacha, akashusha ubao, akauchomeka mpini palipokuwa na bolti. Mawimbi yakaupiga, ukashika.

Karibu na Musoma mwamba mwingine ukatokeza katikati ya povu. Nafasi ya kugeuza haikuwepo.

"Mshike Hana!" Petronila akapiga kelele.

Ka! Mpini ukakatika, ubao ukaruka juu, mashua ikapita ikikwaruza tumbo kama ng'ombe anayejikuna. Upepo ukawasukuma hadi mchangani.

Mvuvi mmoja akachungulia ndani, akatikisa kichwa. "Poleni. Kijiti chenu kimevunjika. Mimi nina bolti nzuri hapa, chuma kabisa."

Stanislausi, mkewe mikononi, akamwahi Petronila kujibu.

"Kaa nayo, ndugu. Sisi tunataka kinachovunjika."