Mchezo Usio na Mwenyeji

Ottilia alikuwa akigeuza usipa, dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, kwenye kichanja cha kuanikia. Jua la kijiji cha Lipingo lilikuwa kali, na samaki walikauka vizuri. Mumewe, Kilian, alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Wavu uliochanika ulikuwa miguuni pake, lakini yeye alitazama simu.

"Baba Siwema, siku hizi usipa wanavuliwa kwa simu?"

"Cheka tu, mama. Nimeshinda!"

Akamwonyesha. Ulikuwa mchezo wa kubahatisha wa kampuni ya nchi za nje. Maandishi yalisema Kilian ameshinda fedha nyingi. Ila kwanza atume ada ya kuzitoa.

"Ada utaipata wapi?"

Kilian akaupigapiga mtumbwi. "Hapa. Mtu wa Liuli anakuja kesho kuununua. Nikilipwa ushindi wangu, nachukua wa injini."

Ottilia akautazama mtumbwi. Mtumbwi ule ndio uliowalisha na kumsomesha binti yao, Siwema.

Mchana huo kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu michezo hiyo hiyo. Mwenyekiti, mzee Mansuetus, alitaka ipigwe marufuku.

"Atakayeonekana na simu ufukweni, faini!"

Kijana Urbani akasimama. "Shikamoo, Mwenyekiti. Na wewe ukipigiwa na mkweo, tukutoze?"

Watu wakacheka.

"Nacheza kwa hela yangu," akaendelea. "Serikali imeruhusu, inapata kodi. Mnatuonea wivu tu!"

"Wivu wa ugali mkavu?" mama mmoja akamjibu. "Mkeo jana kaomba mboga kwangu!"

Kelele zikazidi. Gertruda, afisa maendeleo wa kata, akaomba nafasi.

"Urbani, umesema nusu ya ukweli. Ipo michezo iliyoruhusiwa. Kampuni zake zina leseni na ofisi humu nchini. Hata hizo zinaweza kukumaliza. Lakini kampuni hii ya nje haina leseni hapa. Ikikudhulumu, utamshtaki nani?"

"Basi serikali iifunge!" akasema Mwenyekiti.

"Huko juu nako wanabishana, mzee. Wengine wanataka kampuni zote za nje zifungwe. Wengine wanasema ukifunga moja, kesho inarudi kwa jina jingine. Tupeleke maoni yetu kwa diwani. Ila tusikae tu tukiwasubiri."

Ottilia akasimama.

"Jamani, mchuuzi akivuka ziwa kutoka Malawi, tunamuuliza nini kwanza?"

"Mwenyeji wake nani!" watu wakaitikia.

Ndivyo ilivyo desturi Lipingo. Mgeni hapewi samaki kwa mkopo mpaka mtu wa kijiji aseme, "Huyu ni wangu. Akikosa, niulizeni mimi."

"Mume wangu anauza mtumbwi ili amtumie mgeni ada," akasema Ottilia. "Mgeni huyo mwenyeji wake nani?"

Kilian akainuka kwa hasira. "Lakini nimeshinda!"

"Sawa, baba," akasema Gertruda kwa upole. "Kwa kampuni yenye leseni, kodi hukatwa kwenye ushindi kabla hujalipwa. Waandikie hao wakate ada humo humo. Wakutumie kinachobaki."

Kilian akaandika pale pale. Jibu likaja upesi: tuma ada kwanza.

Urbani akachungulia. "Kaka, waulize mtu wao hapa nchini ni nani."

Kilian akauliza. Hawakujibu. Alipojaribu kuufungua mchezo tena, ulikataa.

"Wamekufungia mlango," akasema Urbani taratibu. Naye akairudisha simu yake mfukoni.

Simu hazikupigwa marufuku. Watu walikubaliana kwamba mchezo usio na leseni usitangazwe ufukweni. Maoni yao yakaandikwa na kupelekwa kwa diwani.

Kesho yake mtu wa Liuli alifika. Alimkuta Kilian ndani ya mtumbwi, anashona wavu.

"Hauuzwi, ndugu yangu. Nisamehe kwa safari yako. Karibu kwanza ule."

Wiki ile usipa walipatikana kwa wingi. Kilian akamwaga kapu la kwanza kwenye kichanja.

"Mama Siwema, ahsante," akasema. "Ulisimama mbele za watu kwa ajili yangu."

"Nilisimama kwa ajili ya mtumbwi," akajibu Ottilia, akitabasamu.

"Basi mchagulie Gertruda wake kwanza. Mwekee wale wakubwa."

"Kwani kuna usipa mkubwa?" Ottilia akacheka. Hata hivyo akainama, akaanza kuchagua.