Hatamu ya Kutuliza Hamu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Bahasha aliacha kulia.

Kwa siku tano punda huyo jike alikuwa amesimama ndani ya uzio wa Kituo cha Tabia za Wanyama, akiutazama mlango mmoja wa chuma, akilia mpaka sauti ikamkauka. Hakula. Maji aliyaonja tu. Sasa Mhandisi Fausta Margwe alimvisha hatamu nyeusi, nyepesi kuliko kamba ya kawaida, akagusa kioo kidogo cha vipimo alichokishika, na baada ya pumzi chache masikio ya Bahasha yalilegea. Akageuka, akaenda kwenye hori, akaanza kutafuna majani kama punda yeyote asiye na neno.

"Amekula!" Mama Bura alipiga makofi. "Injinia, wewe ni mchawi wa serikali."

"Si uchawi, mama. Ni homoni."

"Uchawi wenye mshahara, basi."

Miaka hiyo mji wa Mbulu ulikuwa umepanda milima. Nyumba zilijengwa ngazi juu ya ngazi, na magari ya kuelea hayakuweza kupita kwenye vichochoro vyake vyenye ukungu. Roboti za miguu minne zilijaribiwa misimu miwili ya mvua; ziliteleza, zikavunjika, na watu wakarudi kwa punda. Mama Bura, mchukuzi wa vifurushi, alikuwa na wawili, wote majike. Aliwaita Bahasha na Stempu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mmoja bila mwenzake. Walibeba mizigo pamoja miaka kumi na mmoja. Kisha Stempu akashikwa na msokoto wa utumbo, akaletwa kituoni, akafa. Kanuni ilisema mwili upelekwe papo hapo kwenye chumba cha baridi ili ubongo uchunguzwe. Bahasha alikuwa nje, amefungwa kwenye nguzo. Alimwona mwenzake akiingizwa kwenye mlango wa chuma. Hakumwona akitoka.

Kanuni hiyo aliiandika Fausta mwenyewe.

Aliijua sayansi yake vizuri. Punda huchagua mwenzi mmoja na kushikamana naye kwa miaka. Anapomnusa, ubongo wake hutoa oksitosini, homoni ile ile inayomfanya ng'ombe ateremshe maziwa ndama anapomkaribia, na moyo hupunguza mbio. Mwenzi akitoweka, kotisoli, homoni ya taharuki, hupanda, na mwili mzima huanza kutafuta. Masikio hutafuta, pua hutafuta, hata usingizi hutafuta. Hatamu ilituma mawimbi ya sauti isiyosikika hadi kwenye vipokezi vya homoni hizo ubongoni na kuvifunga, kama mtu anavyofunga madirisha ya upande wenye upepo. Kutafuta kukakoma.

Baraza la mji lilipewa taarifa kuhusu punda tu. Lakini kwenye droo ya meza ya Fausta kulikuwa na utepe mweusi wa aina hiyo hiyo, mfupi, uliopimwa kwa kichwa cha mtu. Kichwa chenyewe kilikuwa chake.

Mumewe, Leonsi, alikuwa fundi umeme kwenye migodi ya Mwezini. Wiki sita zilizopita hitilafu ya nyaya ilimuua. Jeneza lake lilikuwa limefika jana kwao Dongobesh, mazishi yakiwa kesho. Fausta alipanga kuuvaa utepe usiku huo baada ya kuona kwamba hatamu imemfaa punda, kisha aende kuzika akiwa mtulivu.

Simu ililia, akaingia ofisini kuipokea. Alikuwa Tluway, mdogo wake Leonsi.

"Shemeji, mama anauliza utafika saa ngapi."

"Kesho asubuhi. Si tunazika kesho?"

"Ni kesho. Lakini fundi aliyelileta jeneza anasema linaweza kufunguliwa leo tu, kabla mtambo wa baridi haujazimwa. Mpaka saa kumi na moja."

"Msifungue kwa ajili yangu, Tluway."

"Mimi nilimwona jana lilipofika. Si kama unavyofikiri."

"Nimesema msifungue."

Aliporudi uani, Mama Bura alikuwa ameshika shogi kuukuu, lile ambalo Stempu alikuwa akibebea mizigo. Jasho la punda lilikuwa limeganda kwenye mishono yake. Alilisogeza mpaka kwenye pua ya Bahasha. Bahasha alivuta pumzi, akaitoa, akarudia majani yake. Hata sikio moja halikuinuka.

Mama Bura aliliweka shogi chini. Akanyoosha kiganja chake mwenyewe, kile ambacho punda huyo alizoea kukisukuma kila asubuhi akidai chumvi. Bahasha alikitazama kama anavyotazama ukuta.

"Injinia. Huyu ananijua?"

"Anakuona, mama."

"Sijauliza kama ananiona."

Fausta alitazama kioo. Mistari yote ilikuwa imetulia vizuri mno. Vipokezi vilivyobeba hamu ya Stempu ndivyo vilivyobeba utamu wa Stempu, na wa kiganja cha Mama Bura. Alikuwa ameliandika jambo hilo kwenye ukurasa wa mwisho wa taarifa yake, katika sentensi moja fupi, chini ya kichwa cha habari "Madhara madogo".

"Kwetu punda akifa, mwenzake tunamwacha naye," Mama Bura alisema. "Hatumfukuzi, hatumvuti. Atamnusa, atamzunguka, atapiga kelele mpaka majirani watukane. Halafu anaondoka mwenyewe. Nilidhani mnajua, nyie mliosoma."

"Sikujua."

"Ungeuliza. Mdomo ninao, nasema nao siku nzima." Alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Mvue kitu hicho. Kisha mtoe Stempu nje."

"Atalia tena. Vibaya kuliko mwanzo."

"Alie! Kwani ulidhani hilo koo kapewa la kuimbia kwaya?"

Fausta alimvua hatamu. Walinzi wawili walimtoa Stempu kwa toroli, wakamlaza juu ya nyasi, manyoya yakiwa meupe kwa barafu. Bahasha alikwenda mbio, kisha akasimama ghafla hatua mbili kabla ya kufika. Alinusa pua ya mwenzake. Akanusa shingo. Akaisukuma kwa kichwa, mara moja, mara mbili, kama alivyozoea kumwamsha siku ya safari. Kisha akalia, na mlinzi mmoja akavua kofia bila kujua kwa nini.

Saa sita ilipita, na saa saba ikapita. Bahasha alisimama pale kichwa kimeinama, na hakuna aliyemgusa. Karibu saa nane aligeuka mwenyewe. Alikunywa maji, akanywa mengi, kisha akamfuata Mama Bura na kuingiza uso wake wote kwapani mwake.

"Haya, mwanangu," Mama Bura alisema. "Haya. Najua."

Fausta alipiga simu akiwa amesimama pale pale.

"Mmeshalifunga?"

"Hatujalifungua tena, shemeji. Ulikataa."

"Mwambie fundi asizime. Naja."

Aliuacha utepe kwenye droo, akafika Dongobesh saa kumi na nusu. Mama mkwe alimshika mkono, akamwingiza sebuleni. Fundi alifungua kifuniko, na hewa ya baridi ikamwagika miguuni mwao.

Kwa wiki sita Fausta alikuwa ameuogopa uso asioujua. Alikuwa ni Leonsi. Amekonda, ngozi imekuwa ya kijivu, lakini ni yeye. Fausta aliinama, akamtazama kwa muda mrefu, kisha uso wake ukakunjamana.

"Nani alimkata nywele?"

Tluway alishtuka. "Huko huko juu, nadhani. Wana mashine."

"Wamemharibu. Tazama hapa, nyuma ya sikio."

Kabla Leonsi hajaenda Mwezini, kwa miaka kumi na miwili, kila Jumapili ya pili, Fausta ndiye aliyemkata nywele, nyuma ya jiko, naye akilalamika kwamba mkasi ni butu.

"Niletee mkasi, shemeji."

Tluway alimtazama mama yake. Mama alikwenda mwenyewe chumbani, akarudi na mkasi wa kushonea. Fausta alikiinua kile kichwa baridi kwa mkono wa kushoto, kama alivyozoea, na ndipo hamu yote ikamjia kwa pamoja, mikononi, kifuani, kooni. Akaanza kukata polepole, akilia kwa sauti, akipuliza vinywele vidogo visimwingie kolani.

Fundi alitazama saa yake, kisha akageuka kuutazama ukuta.